Mahali Alipokaa Mama Mkwe

Mashine ya kukereza mbao ya marehemu baba mkwe ilinifikia Bukoba juu ya lori la ndizi kutoka Kishanda, imefunikwa majani makavu ya migomba kama mgonjwa asiyetakiwa kuonwa. Ilikuwa imelala miaka mingi kwenye banda la kahawa, na kuku walikuwa wametagia chini ya mota. Kila kilichopaswa kuzunguka kilikuwa kimeganda kwa kutu. Shemeji zangu waliokuja nayo waliniaga haraka, kwa huruma ya watu waliokwisha kuutua mzigo wao.

Nilihangaika nayo msimu mzima wa mvua, katika gereji yangu ambayo haijawahi kuona gari. Nililowesha vyuma kwa mafuta taa, nikakwangua, nikapiga msasa, nikabadilisha beringi, nikafunga mota nyingine iliyowahi kukoboa kahawa. Kitu kimoja tu hakikunipa amani: sahani. Ni duara la chuma linalofungwa kwa hesi, ile mikunjo kama ya skrubu, kwenye ncha ya mhimili, nalo ndilo linaloshika gogo linapozunguka. Hesi zake zilikuwa zimelika. Fundi mmoja wa mjini alizijaza kwa kuchomelea, akazikata upya, akaniambia nitakufa niziache. Nilipoifunga sahani kwa mkono ilicheza kidogo, kama jino la mtoto. Nikajiambia itajikaza yenyewe. Mtu aliyesoma chuo kikuu ana uwezo mkubwa wa kujiambia mambo.

Kisha nikampigia simu mama mkwe kumwambia kwamba mashine ya mumewe imepona.

Alikuja Jumamosi asubuhi, amevaa gauni la kanisani. Nilikuwa nimemwekea kiti mlangoni. Akakipita. Akaizunguka mashine, akavuta stuli niliyokuwa nikiwekea makopo ya rangi, akaketi upande wa pili, uso wake ukielekeana kabisa na sahani. Alisema hapo ndipo alipokuwa akikaa kuchambua kahawa huku mzee akifanya kazi, na kwamba ukikaa kwingine husikii vizuri. Gogo la mti wa msizi nililokuwa nimeshalifunga lilikuwa na uzito wa mtoto anayeanza kutembea. Likichomoka, lingekwenda hapo.

Kwetu mwanaume haamrishi mama wa mkewe. Humsalimu kwa sauti ya chini, humpisha njia, na akitaka asogee humtafutia sababu ya kusogea. Chuoni niliandika tasnifu nzima juu ya mila za ukwe, nikahitimisha kwamba zinakufa. Asubuhi ile zilikuwa na afya kuliko mimi.

Nikaanza kutafuta sababu. Nilimwambia ndani kuna kahawa ya kutafuna. Akaomba aletewe, akatupa punje mdomoni, akatafuna palepale. Nilimwambia vumbi la mbao litaharibu gauni. Akajibu kuwa alizaa na kulea ndani ya vumbi hilo. Nikaenda jikoni kumwomba mke wangu amhamishe mama yake.

"Ameamka alfajiri kwa ajili ya kelele hiyo," alisema, akiendelea kumenya ndizi. "Mimi simwinui. Kama huiamini mashine yako, usiiwashe."

"Nimeshamwambia imepona."

"Basi uliharakisha kusema."

Nilirudi gereji na wazo ambalo wakati huo niliona la kishujaa: nikasimama katikati, mgongo wangu kwake, kifua kwenye sahani, mkono ukinyooka kuelekea swichi. Kama lingechomoka lingenipata mimi kwanza.

"Mkwe," alisema nyuma yangu kwa upole, "ukisimama hapo sioni."

Nikasogea. Niliigusa sahani. Bado ilicheza. Nikaikaza tena, nikaigusa tena, ikatulia. Au vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vimechoka kuuliza. Kidole kilikuwa tayari juu ya swichi nilipomwona ameinamisha kichwa mbele kidogo, amefumba macho, anangoja.

"Mae waitu," nilisema, nikimwita mama kwa heshima ya kwetu, "ondoka hapo."

Sikuwa nimekusudia itoke hivyo, kama anavyofukuzwa mbuzi kwenye kibanja cha migomba. Alifumbua macho akanitazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimwoe binti yake.

"Marehemu hakuwahi kuniinua hapa."

"Yeye aliijua mashine yake, mae. Mimi siiamini."

Aliinuka taratibu, akishika ukuta, kwa kuwa kimila mimi sikuweza kumshika mkono. Akapita mbali nami akasimama nyuma yangu, karibu na mlango. Nikawasha.

Gogo lilitetemeka, likapapasa, kisha likashika mwendo na kuanza kuvuma. Niliisikiliza sahani kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje ya dirisha. Nikagusisha patasi kwenye gogo. Maganda ya msizi yakaruka, mengine yakatua juu ya stuli tupu. Hakuna kilichochomoka. Hakuna hata kilichoyumba. Nilikuwa nimemfukuza mama mkwe kwa ajili ya mashine iliyokuwa ikivuma kwa adabu kunishinda.

"Mkwe," alisema kwa sauti ya juu kuishinda mota, "nirudi sasa?"

Alikuwa ananiomba ruhusa, na kila mila niliyoiandika kwenye tasnifu ilinidai niseme ndiyo. Nilitazama sahani. Ilikuwa inazunguka sawasawa.

"Bado, mae."

Akabaki amesimama.