Kura ya Keramat Ali

Keramat Ali aliuacha mguu wake wa kulia kwenye majaruba ya mpunga mwaka wa sabini na moja, Bangladesh ilipopigania uhuru wake. Tangu hapo hakukosa uchaguzi hata mmoja. Siku ya kura huamka kabla ya jogoo, akanyoa, akavaa kanzu nyeupe, na hatii kitu mdomoni mpaka apige kura. Mkewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimuuliza kama anakwenda kuoa tena.

Mwaka ninaousimulia, binti yake Dilruba, mwalimu wa hesabu, alipewa kusimamia kituo cha kura kwenye shule ileile anayofundisha. Alifurahi kuliko siku ya harusi yake, na simlaumu, maana yule mume tulimjua. Baba yake aliipigania nchi kwa mwili wake. Yeye naye alidhani amepata cha kumrudishia: siku moja ya kura isiyo na doa.

Siku hiyo ilidumu mpaka saa nne asubuhi. Mintu, mpambe wa mbunge, aliingia na wanaume tisa, wakafunga mlango nyuma yao. Polisi wa zamu akageuka kuutazama mpapai.

"Shikamoo, mwalimu," Mintu akasema. "Wewe kaa unywe chai. Watu wengi leo wana shughuli zao, tutawasaidia kupiga."

"Mintu, toka. Hiki ni kituo changu."

"Chako tena? Mwalimu, ulinichapa sana kwa ajili ya hesabu. Leo tazama nilivyoiva."

Dilruba alipiga simu ofisini mjini mara tatu, na mara ya tatu akaambiwa asisumbue watu. Wale wanaume walikuwa wamekwishachukua vitabu vya kura. Mmoja anagonga muhuri penye jina la mbunge, mwingine anatia sandukuni, wa tatu anaweka alama kwenye daftari la wapiga kura. Wafu walipiga kura, na walioko Dubai wakapiga. Dilruba alisimama katikati yao, hakufanya lolote, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya. Walipomaliza wakafungua mlango, wakakaa kwenye benchi kama wageni wa heshima.

Saa sita Keramat Ali akafika, baada ya mwendo mrefu kwa magongo yake. Foleni ikampisha. Karani akalitafuta jina lake, akalikuta, akainamisha kichwa. Lilikuwa na alama tayari.

"Babu, si ulishapiga asubuhi?" Mintu akamwambia kwa upole wa kinafiki. "Umesahau tu. Uzee huo!"

Watu wakacheka, wengine kwa woga. Mzee akamgeukia binti yake. "Mama, niambie wewe. Nilikuja hapa asubuhi?"

Chumba kizima kikamtazama Dilruba.

"Hukuja, baba," akasema. "Kuna mtu amepiga kura yako."

Sheria ilimwachia kitu kimoja tu cha kumpa: karatasi ya mtu aliyekuta jina lake limekwishatumiwa. Karatasi hiyo haiingii sandukuni. Hufungwa kwenye bahasha, na idadi yake lazima iandikwe kwenye fomu ya matokeo. Mzee akagonga muhuri wake, akaikunja vizuri, akaanza kulitafuta tundu la sanduku. Dilruba akamnyoshea mkono.

"Nipe mimi, baba. Haihesabiwi. Inaandikwa tu."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi iandike. Ijulikane nilikuja nikakuta nimeibiwa."

Jioni, kura zilipokwisha kuhesabiwa, Mintu alitaka penye idadi ya karatasi hizo paandikwe sifuri. "Kituo kizima safi, mwalimu, kasoro baba yako! Moja hiyo italeta maneno." Dilruba akaandika moja. Akatia sahihi, akaipeleka fomu mjini mwenyewe.

Ofisa wa matokeo hakumkaripia. Aliisoma fomu, akatoa nyingine tupu, akanakili kila tarakimu mpaka alipofika pale. Akaandika sifuri.

"Tia sahihi hapa, dada."

"Sitii."

"Haya." Akaitia yeye, akiiga ya Dilruba herufi kwa herufi. Ile fomu yenye moja akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai kilichokuwa kinavuja. "Nenda nyumbani ukapumzike. Umefanya kazi nzuri."

Dilruba alipofika nyumbani alimkuta baba yake, aliyekwisha kusimuliwa yote na karani, uani na majirani, sauti juu.

"Akaandika moja! Wamemkodolea macho wale mbwa, na akaandika! Mguu wangu haukwenda bure, nawaambieni." Akamwona. "Mama! Mjini wameipokea?"

Dilruba hakuwahi kumdanganya baba yake, hata utotoni.

"Wameipokea, baba."

Mzee akamwita jirani mmoja aliyekuwa anaondoka, arudi aisikie tena tangu mwanzo. Dilruba akaketi kando ya baba yake, naye akasikiliza.