Muziki wa Kugeuza Shingo

Mwaka tuliopata uhuru, minye nilijiona muntu mukubwa sana. Nilikuwa karani mudogo tu, kazi yangu kupiga muhuri mu biro ya serikali, lakini ukinikuta njiani mu mutaa wa Kimanga ungesema ni minye niliyewafukuza Wabeleji. Jumamosi moja nikavuka mupaka, nikaenda Usumbura kuangalia sinema. Ilikuwa sinema ya majambazi: muntu wa kofia anatembea, mwengine anamufuata, hawasemi kitu. Maneno yote iko mu muziki. Na muziki wenyewe ni chombo kimoja cha nyuzi, ting, ting, polepole, mupaka shingo inakuwasha na unageuka kuangalia ni nani iko nyuma yako. Ukumbi muzima uligeuka. Minye niligeuka kupita wote, nikamumwangia limonade mama aliyekaa nyuma.

Muntu wa mashine ya sinema akatuambia kwamba mutunzi wa muziki ule alikuwa mupigaji wa baa tu. Watu walikula, hawakumusikiliza, mupaka siku wenye sinema walipopita pale, wakamusikia, wakamuchukua. Basi, neno hilo likaniingia kichwani na halikutoka. Nyumbani Rugenge tulikuwa na inanga ya mujomba wangu, ule ubao mrefu wa nyuzi aliouteremusha kutoka milima ya Bijombo. Siku zote niliucheka, eti chombo cha wachunga ng'ombe. Sasa nikaufuta vumbi. Nikatafuta kofia kama ya jambazi na koti refu, mu joto hili la ziwa, nikaanza kupiga ule wimbo mu baa ya Kimanga kila nikitoka kazini, nikingoja wazungu wa sinema.

Dada yangu alikuja kunisikiliza. "Kaka," akasema, "unapiga kama muntu anatafuta ufunguo gizani." Wateja walivumilia. Wa kwanza kutoka nje alikuwa mwenye baa.

Miaka ikapita, wazungu hawakuja. Walikuja waasi.

Wapiganaji wao walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi isiwaingie, na dawa ilikuwa na masharti. Sharti kubwa: ukiwa kazini, hapana kuangalia nyuma. Ukigeuka, dawa imekufa. Muji muzima ulijua hivyo, na minye nilijua.

Mchana mumoja nilikuwa narudi nyumbani na inanga yangu, nimevaa koti na kofia, nikafika kwenye bariera yao, pipa na mti vimefunga njia. Makarani wenzangu walikuwa wamepelekwa mutoni na hawakurudi, kwa hiyo nilipoulizwa kazi, nilisema ni mupiga muziki.

"Weye ni mupelelezi," komanda wao akasema. "Angalia nguo. Haya, piga. Ukikuwa umetudanganya, tunakupeleka mutoni."

Nilijua nyimbo za kanisa, nilijua za harusi. Lakini vidole vilivyoshikwa na woga vilikumbuka wimbo mumoja tu, na mujinga minye nikaviacha viende. Mupiganaji mumoja akajikuna shingo. Kisha kichwa chake kikaanza kwenda, polepole, mupaka nyuma. Wa pili akamufuata. Komanda akafungua mudomo awakaripie, shingo yake ikamuwasha, na yeye akageuka muzima muzima, akachungulia hata nyuma ya pipa.

Nikaacha kupiga. Walitazamana. Niliona wameogopa kuliko minye, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Komanda akafikiri. Kuniua kungeleta maswali, na mwenye dawa wao angetaka kujua nilifanya nini, mupaka asikie kwamba waligeuka.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, "acha hiyo kitu hapa. Hukutuona, hatukukuona. Enda. Ukigeuka, tunakupiga risasi."

Nikaiweka chini inanga ya mujomba, nikaenda. Sikufika mbali, nikasikia ting, ting: mumoja wao anautafuta wimbo wangu. Akaupata. Aliupiga vizuri kuliko minye, polepole, vile vile ulivyokuwa mu sinema, na shingo ikaniwasha mupaka machozi yakatoka. Nilitamani kumuona yule muntu kuliko nilivyowahi kutamani wazungu wa sinema.

Sikugeuka. Kati yetu sisi wote pale, aliyeshika sharti la dawa ni minye, muntu ambaye hakunyunyiziwa hata tone.