Lenzi Iliyofungwa Lokapu

Anayesema lenzi haiwezi kufungwa hakuishi Kampala miaka ile. Mimi, Rehemah wa Kisenyi, niliiona kwa macho yangu ikitolewa dukani na askari wenye bunduki.

Duka lenyewe la picha lilikuwa la Mhindi. Wahindi walipofukuzwa, likapewa Sajini Kasim, mtu ambaye hakuwahi hata kushika kamera. Mume wangu Wahabi ndiye aliyepiga picha, mimi nikazisafisha kwenye chumba cha giza, na sajini akawa anakaa mlangoni asalimiwe. Siku moja alitaka kutundika picha yake ukutani. Nyundo hakuiona, akachukua kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni ile lenzi. Msumari uliingia vizuri sana.

Tangu hapo kila picha ilififia upande wa kushoto. Wahabi ana subira hadi anakera. Mimi ningeketi nikalia tu. Alibadilisha filamu, mambo yakawa yale yale. Akafuta kioo kwa pamba, wapi. Akaiweka kamera mezani isitikisike, akabandika gazeti ukutani na kulipiga picha: maandishi ya kulia yanasomeka, ya kushoto ni uji mtupu. Mwisho akaing'oa lenzi, akaitikisa sikioni, ikalia kwa ndani. Kioo kimoja kilikuwa kimelegea na kukaa upande.

"Ni ule msumari," nikamwambia.

"Msumari upi?" akajibu, huku anatazama mlango.

Lenzi nyingine tulikuwa nayo nyumbani. Yule Mhindi alipoondoka alimwachia Wahabi pacha wa ile ile, nasi tukaifunga vizuri na kuifukia kwenye debe la mchele, mahali pakavu. Tuliificha kwa sababu ukikutwa na vitu viwili vya namna moja uliitwa mlanguzi, na walanguzi walipelekwa wasikorudi. Wahabi alikuwa bado anawaza aibadilishe vipi bila kuulizwa ametoa wapi, ndipo meja mmoja akaja kupigwa picha. Akatoka na nusu uso.

Sajini aliingia na picha ile mkononi. "Nani nafanya hii makosa?"

Nani angemtajia msumari? Wahabi wangu, kwa woga, akasema, "Lenzi ndiyo yenye makosa, afande."

Sajini akaikodolea macho muda mrefu. "Hii kitu iko na kiburi," akasema. "Peleka lokapu."

Ikalala mahabusu kule kambini hadi Ijumaa. Iliporudi, Wahabi aliipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo chumba cha giza, akatoka amefunga kwenye kamera pacha wake, niliyekuwa nimemleta toka nyumbani. Meja akapigwa upya, akatoka safi mpaka vinyweleo vya pua. Sajini alifurahi, jamani. Akamwambia kila mtu kwamba lokapu inatengeneza. Baadaye akaifunga redio yake, halafu pikipiki. Zilipokataa kupona, akaziongezea kifungo.

Tulicheka, sitaficha. Tulicheka mpaka Wahabi alipoangushwa na malaria.

Alitetemeka hadi kitanda kikawa kinalia. Sajini akaja nyumbani kuuliza kwa nini duka limefungwa. Akamtazama mgonjwa, na nikaona uso wake unachangamka. 

"Usiogope, mama," akasema, na kwa upole kabisa. "Huyu tutatengeneza."

Ningemwambia nini? Kwamba lenzi haikupona, tuliibadilisha? Angeuliza ya pili ilitoka wapi, na tungeondoka sote wawili. Nikamfunika Wahabi kwa hasira. Askari wake wakambeba mume wangu pamoja na blanketi lake hadi lokapu.

Nilisaga vidonge vichungu vya klorokwini, dawa ya malaria, kwa chupa, nikavikoroga kwenye uji, nikamwagia sukari yote niliyokuwa nayo, na sukari wakati ule ilikuwa ya kutafutwa. Asubuhi na jioni nilisimama na kikombe kwenye lango la kambi, nikimbembeleza mlinzi ampelekee. Kila mara alionja kwanza, akakunja uso.

"Mama, uji yako mbaya sana."

"Ndivyo tunavyopika kwetu," nikamjibu.

Sikupata usingizi hata kidogo. Kila nikifumba macho nilimwona Wahabi amekufa juu ya saruji, na sajini anamwongezea kifungo.

Wahabi akatoka anatembea. Amekonda, macho ya manjano, lakini anatembea. Sajini Kasim alimleta mwenyewe, amemshika mkono kama anayesindikiza bwana harusi, na majirani wote wakatoka nje kutazama.

"Naona, mama? Bila dawa hata moja. Sasa sema asante."

"Asante, afande," nikasema.

Hakunisikia. Akaniambia niseme tena kwa sauti, majirani wasikie. Nikasema tena.