Amina Niliyoiwahisha

Jumapili, 10 Novemba. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi jekundu mpaka ndani ya kurasa za Biblia. Mawingu yameshinda juu ya msitu wa kreta. Huku Karatu hayakushuka.

Elimu yangu ni darasa la saba na miaka miwili ya chuo cha Biblia. Kama nimeandika kwa kujipendelea, Mungu anisamehe. Daftari hili mke wangu tu ndiye hulifungua.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa na ibada ya kubariki mbegu. Watu walileta mahindi na maharage kwenye nyungo, wakapanga mbele ya madhabahu. Mzee wetu mkubwa kuliko wote akaomba aseme baraka za Kiiraqw, zile ambazo mzee husema mstari na watu wote wakaitikia. Mimi ni Mmasai wa Kakesio, lugha yao naijua ya salamu tu. Akasema, wakaitikia. Akasema, wakaitikia. Halafu akanyamaza. Nikajua amemaliza. Nikasema "Amina!" kwa sauti, kwaya ikaanza.

Nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa anavuta pumzi tu, na kwamba kwao baraka haikatwi. Ikikatwa, mbegu imebarikiwa nusu. Na tangu siku ile hakujanyesha.

Kwetu ibada ikiisha, mchungaji husimama mlangoni akashikana mikono na kila mtu. Jumapili iliyofuata, watu wa mabenchi kama manne walitokea mlango wa kwaya ili wasinishike mkono. Leo sidhani kama nilishika mikono thelathini. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mke wangu anasema nimeanza kugombana hata na kuku. Ni kweli, juzi nilimtukana jogoo.

Jana, kwa kuwa wazee wa kanisa walikuwa wamepanga kunijadili leo, nilikwenda kwa yule mzee. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mchungaji. Umekuja kunimalizia baraka?" Akacheka.

Nikamwomba msamaha. Akaweka panga chini.

"Mwanangu, mstari uliofuata nilikuwa nimeusahau. Nimeusema tangu ujana wangu, siku ile haukuja. Uliposema amina nilimshukuru Mungu."

Nilitamani kumkumbatia. "Basi kesho waambie wazee hivyo hivyo, yaishe."

Akaacha kucheka. "Niseme mbele ya wanangu kwamba nimesahau? Nani ataniita tena kubariki shamba lake? Na mvua ikizidi kukataa, watamwuliza nani? Hili libaki kati yetu, mchungaji."

Nilirudi nyumbani kwa mguu nikilipanga na kulipangua jibu langu.

Leo baada ya ibada tulikaa ofisini. Mwenyekiti wa wazee ni mtoto wa kwanza wa yule mzee. Si mtu mbaya. Mtoto wangu alipougua kifua, yeye ndiye alitubeba kwa pikapu yake mpaka hospitali. Lakini leo alikuwa na hasira.

"Mchungaji, kule Kakesio ng'ombe hawaombi. Ukipunga fimbo wanaondoka. Sisi ni watu."

Mama kiongozi wa wanawake akadakia, "We baba, acha hizo! Hata Mbulu mvua haijanyesha. Na kule pia kuna Mmasai?"

Wengine wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Nakuuliza swali moja. Ulimkatisha baba yangu, hukumkatisha?"

Mzee mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha, kofia magotini, anaizungusha. Hakuniangalia. Nilikuwa nalo jibu mdomoni, la kunitoa pale na kuniacha katika kanisa langu. Lingemaliza maneno yote. Lingemmaliza na yeye.

"Nilimkatisha," nikasema. "Lugha siijui, na sikuuliza kwanza. Kosa ni langu."

Walipiga kura kwa mikono. Saba walitaka niombewe uhamisho, wanne walikataa. Mzee hakuinua mkono upande wowote. Mwenyekiti akaandika barua palepale, kwa mwandiko mzuri, akaniwekea mstari wa kunishukuru kwa miaka sita. Inasemekana huenda nikapelekwa Wasso.

Wakati wa kutoka, mzee alinishika mkono, akaung'ang'ania muda mrefu kuliko salamu ya kawaida. Kisha akaenda na mwanawe.

Sijui kama nilifanya vema. Wale wanne walionitetea nimewadanganya kidogo, maana ukweli wote hawakuupata. Na inawezekana haikuwa huruma. Inawezekana nilichoka tu, nikaona hiyo ndiyo njia ya kuondoka. Mke wangu nilimweleza yote. Akasema, "Watoto watahama shule tena," akaenda jikoni.

Jioni tulikula kande na maziwa ya mgando. Watoto waliongeza. Mimi nilikula vijiko vitatu.