Migomba Iliyoziba Anga

Jumanne iliyopita, pale Ijumbi, mpima ardhi alisimama mpakani mwa vibanja, mashamba ya migomba na kahawa, vya ndugu wawili wasiosalimiana kwa ajili ya mpaka huo huo.

“Migomba imeziba anga,” alisema, akiinua kipokezi chake cha GPS. “Setilaiti hazitoshi. Kosa la kipimo ni mita sita.”

“Mita sita ni kahawa yangu yote,” kaka mkubwa alinung'unika.

“Basi kata mgomba wako,” mdogo akajibu.

Mkubwa hakukata, aliyavuta majani yake kando kwa mikono. Mdogo naye akavuta ya kwake.

“Vuta, kaka. Au umezeeka?”

Kosa likashuka chini ya mita moja. Mpima akanakili viwianishi, namba za kuonyesha mpaka ulipo, akafunga mkoba. Wao walikuwa wangali wameshikilia majani, wakiulizana habari za watoto.