Mashine Iliyokunywa Simsim

Siku hizi nikisikia redioni kwamba injini inaweza kuendeshwa kwa mafuta ya mimea, nazima redio. Sisi tuliyajua hayo Buteba, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miaka ya sitini, na hayakutufaa kitu.

Mume wangu alikuwa akiendesha mashine ya kusaga ya mfanyabiashara mmoja wa upande wa Kenya. Masika moja mvua ilikata barabara ya Tororo, lori la dizeli likaacha kuja. Siku ya tatu wanawake walikuwa wamejaa penye mashine na vikapu vya muhogo mkavu na wimbi. Wengine walikuwa wametoka Sikuda kwa miguu.

Mume wangu akaja nyumbani mchana, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, ile mafuta yako ya simsim iko wapi?"

"Ya nini?"

"Injini kama ile nakunywa mafuta yoyote, bora iwe safi na moto. Niliona nikiwa kazi ya reli."

Nilikuwa na galoni moja. Simsim ile niliipalilia mwenyewe, nikaitwanga, nikaichemsha mpaka mafuta yakaelea. Mama mkwe wangu alipoona nampa, alishika kichwa.

"Hata mwendawazimu hula chakula," alimwambia mwanawe. "Wewe unalisha chuma?"

Mume wangu alibeba galoni akarudi penye mashine. Aliyachuja mafuta kwa kitambaa changu cha kichwa, akayapasha moto kwenye sufuria, akawasha injini kwa dizeli kidogo iliyobaki, kisha akafungulia ya simsim. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, halafu ikatulia ikanguruma. Hewa yote ikanuka kaango. Watoto walikuja mbio wakiuliza nani anapika maandazi.

Kuanzia hapo kila aliyekuja kusaga alileta chupa: simsim, mafuta ya pamba ya dukani, chochote. Jioni mume wangu alifungua nozeli ya kupulizia mafuta na kukwangua masizi. Tulikula ugali sote, mboga zetu zikiwa za kuchemsha tu.

Barabara ilipofunguka, mwenye mashine alikuja na mapipa yake. Alinusa. Akachovya kidole kwenye tangi, akaonja.

"Umetia mboga kwenye mashine yangu?"

"Bwana, watu walikuwa na njaa. Na mashine ni nzima, isikilize."

"Njaa ni yao. Mashine ni yangu. Toa funguo."

Wanawake wasiopungua ishirini walikuwa pale, na unga wao vikapuni. Hakuna aliyefungua mdomo. Hata mimi sikufungua. Nilitazama chini kama wengine, na hilo bado linaniuma kuliko maneno ya yule mtu.

Mume wangu alipata kazi ya kupaka grisi malori katika gereji moja Tororo. Akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nililima peke yangu.

Mvua zilizofuata, barabara ikakatika tena. Mwenye mashine akafika kwangu, viatu vimejaa matope.

"Mama, yule bwana alikuwa akiyapasha mafuta kiasi gani?"

"Sijui," nikasema. Nilijua vizuri: mpaka kidole kisivumilie.

Alikwenda Tororo kwa miguu. Siku chache baadaye nilikuwa shambani, nikasikia mashine, na upepo ukaniletea harufu ya kaango.

Mume wangu alipokuja nilimngoja anywe chai kwanza.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nikamchorea na karatasi."

"Amekurudisha kazini?"

"Sikuomba."

"Alisema hata asante?"

Aliizungusha chai kwenye kikombe. "Watu nataka unga, Mama."

Nilimwita mjinga. Nilimwita hivyo mara nyingi mwaka ule, na kila mara siku zake za kukaa nyumbani zilipungua, mpaka Tororo pakawa ndipo kwake na kwangu akawa mgeni.

Jirani yangu mmoja, aliyekuwapo siku ile ya funguo, tulikutana akitoka kusaga, mikono imejaa unga mpaka viwikoni.

"Huyu tajiri wetu ana akili," akaniambia. "Amegundua mashine isiyotaka dizeli."

 Nilijitwika jembe langu begani, nikamwacha amesimama njiani.