Wasifu wa Mama Mdogo

Mama mdogo alipofariki, hakuna aliyeuliza nani ataandika wasifu wake. Nina steshenari karibu na soko la Ifakara, na kwa ndugu zangu mtu anayechapa barua za watu anajua kuandika kila kitu. Asubuhi ya mazishi nikafungua duka nusu mlango, nikawasha kompyuta. Ibada ilikuwa mchana.

Wasifu mwingi ninaochapa siku hizi huanzia kwenye akili mnemba. Mtu ananitajia mambo mawili matatu ya marehemu wake, nayaingiza, unatoka ukurasa mzima wenye maneno ya kutosha kumzika waziri. Watu hufurahi. Mimi nilikuwa nimeanza kuchoka, maana marehemu wote wa Ifakara walikuwa wamegeuka mtu mmoja: mchapakazi, mpole, nguzo ya familia.

Nikaiandikia mashine niliyoyajua. Kwamba alizaliwa Kiberege, akaolewa Lumemo na fundi baiskeli. Kwamba hawakujaliwa watoto. Kwamba kila mwaka mvua zikianza alihama nyumbani, akaenda kukaa peke yake upande wa Lupiro mpaka baada ya mavuno. Kwamba safari hii aliugua hukohuko, akakimbizwa hospitali, asitoke tena. Haikuchukua muda, wasifu ukatoka. Nikaupitia haraka, nikaona unasomeka vizuri, nikauchapa na kuupeleka msibani.

Baba mdogo alikuwa amekaa chini ya turubai na wanaume wenzake. Nilimwomba tuingie chumbani, nikamsomea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka nilipofika hapa: "Ndoa yao ilipitia vipindi vigumu vya kutengana, lakini kila mara upendo uliwarudisha pamoja."

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Nani kakwambia mke wangu aliniacha?"

"Hakuna, baba."

"Sasa hilo limetoka wapi?"

Nilijua lilikotoka. Huku bondeni hakuna anayeuliza kwa nini mtu amehamia shamba. Mashamba ya mpunga yako mbali, maji yakijaa njia zinafungwa, na mpunga ukitoa masuke ndege na nguruwe hawamsubiri mwenye shamba aamke mjini. Unajenga dungu, kibanda juu ya nguzo, unakaa humo mpaka uvune. Mwenye kazi ya mjini anabaki mjini na kazi yake. Sikuyaeleza hayo kwa sababu hapa kwetu hayaelezwi. Mashine ikakuta mwanamke anayeondoka kila mwaka bila mume wake, na nyumba isiyo na mtoto, ikaliziba pengo kwa ugomvi. Wala haikusita. Sentensi ile ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Kulikuwa na waombolezaji waliotoka mbali, watu wasiojua dungu ni nini. Wangeondoka makaburini wakijua kwamba yule mzee alikuwa anaachwa na kurudiwa.

"Nitaliondoa," nikamwambia.

"Liondoe. Na mengine yote uyaangalie."

Nikakaa palepale kwenye kigoda, nikatoa simu. Nikaiandikia kwa ukali, kama naandikia mtu: usiongeze jambo ambalo sijalisema. Usipojua, niulize. Ukiona mambo mawili hayapatani, nionyeshe, usiyapatanishe mwenyewe. Nikaieleza habari ya dungu tangu mwanzo. Ikarudi na maswali. Mengine hayakuwa na kichwa wala miguu. Ilitaka kujua kama marehemu aliwahi kupewa tuzo. Lakini moja lilinisimamisha: mumewe alikuwa akiishi vipi miezi hiyo?

Sikujua. Tangu utotoni mwangu masika ilikuwa na maana kwamba mama mdogo yuko shamba, na sikuwahi kumfikiria aliyebaki. Ikabidi nimuulize mwenyewe.

"Jumamosi nilikuwa nafunga kazi mapema," akasema baba mdogo. "Nampelekea unga, chumvi, mafuta ya taa. Enzi hizo hakuna daraja, unasubiri pantoni. Nikifika ananisimanga, eti nimekonda, mwanaume mzima nashindwa kujipikia. Jumapili jioni narudi. Maji yakizidi siendi, nakaa tu hapa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa siipendi masika. Hilo usiandike."

Nilimhurumia kuliko nilivyomhurumia wakati wowote wa msiba ule.

"Niandike nini basi, baba?"

"Andika alikuwa anarudi. Kila mwaka alirudi."

Nikaandika hivyo hivyo. Nikafuta nguzo ya familia, nikafuta upole, kwa sababu mama mdogo hakuwa mpole hata kidogo, alikuwa na mdomo. Nikaweka dungu, pantoni na masimango ya Jumamosi. Ukawa wasifu mfupi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa nimeandika habari za mtu ninayemjua. Nikaiomba mashine iupitie kwa mara ya mwisho.

Ikajibu kwamba haikuongeza kitu. Ila kulikuwa na jambo la kuangalia: sentensi isemayo kila mwaka alirudi haipatani na maelezo kwamba mwaka huu aliugua shambani na kufariki hospitali kabla ya kurudi nyumbani. Ikauliza kama iirekebishe.

Ilikuwa sahihi. Ilikuwa imefanya kile hasa nilichoiagiza.

Baba mdogo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chao, akiutazama uso wangu.

"Inasemaje?" akauliza.

"Inasema iko sawa, baba," nikamjibu, nikainuka kwenda dukani kuichapa sentensi yake kama alivyoisema.